Nilivyojifunza kuishi na "heads-up" za Wamarekani

Mi nafanya kazi Arusha, kampuni ya utalii, upande wa buking na opareshen, yaani toka mgeni analipa huko kwao mpaka siku anashushwa uwanja wa ndege wa KIA arudi nyumbani kila kitu cha hapo katikati kinapita mezani kwangu, gari, hoteli, vibali vya hifadhi, mpishi, lanchi boksi, mpaka nani analala na nani chumba kimoja. Wageni wetu wengi ni Wamarekani na wanakuja kupitia mawakala wa huko huko Marekani, sasa hao mawakala wana neno lao moja hilo hawawezi kuandika imeili bila kuliweka. Heads-up. Just a heads-up. Quick heads-up. Wanted to give you a heads-up. Asubuhi nafungua kompyuta nakuta zimejipanga.

Shuleni tulifundishwa warning, caution, notice, na ukipita mtaa wa wenye nazo unaona kibao cha mbwa mkali getini, hizo zote tunazijua. Heads-up hakuna mwalimu aliyeigusa. Maana yake ya juu juu unaipata tu kwa kusoma, mtu anakwambia kitu kabla hakijatokea ili kisikukute umekaa vibaya, basi. Hiyo sio shida. Shida ni kwamba neno lenyewe halina uzito wowote, halikwambii hili ni la kufa mtu au ni la keki. Nakumbuka imeili mbili zimeingia asubuhi moja, wakala tofauti, moja inasema just a heads-up, mama wa familia atatimiza miaka 60 wakiwa Ngorongoro, ingependeza mkimfanyia kitu. Ya pili inasema just a heads-up, kijana wa kundi la kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho ana mzio mkali wa karanga. Maneno yale yale, utaratibu ule ule, kialama cha tabasamu mwishoni kwenye zote mbili! Ya kwanza ukisahau mtu ananuna. Ya pili ukisahau unabeba maiti mlimani.

Kwahiyo kanuni yangu ya kwanza ikawa hiyo, neno heads-up lenyewe nalipita kama sijaliona, nasoma kinachofuata baada yake. Nauliza vitu vitatu tu: kinakuja nini, kinakuja lini, na mimi natakiwa nisogeze nini kabla hakijafika. Nikikosa jibu la hicho cha tatu namrudishia wakala swali hapo hapo, maana Mmarekani akisema nakupa tu heads-up mara nyingi ndani yake kuna ombi amelificha kwa adabu, hataki kuonekana anakuamrisha. Sisi tunamsoma tunasema asante kwa taarifa, afu tunakaa. Yeye huko anajua kashaomba.

Ya pili ilikuwa kuipeleka kwa wenzangu, na hapa ndo palikuwa na kazi kweli kweli. Madereva wetu na wapishi na waongozaji wa mlima wengi Kiingereza wanakijua vizuri, cha wanyama, cha ndege, cha hali ya hewa, wengine wanaongea na Kijerumani juu, lakini Kiingereza cha ofisini cha imeili ni kitu kingine. Ukichukua kamusi heads-up inakupa onyo au tahadhari. Sasa jaribu kuandika kwenye grupu la WhatsApp la madereva "wakala ametupa onyo kuhusu kundi la tarehe 14" uone simu zitakavyokuja. Kwetu onyo ofisini ni barua. Barua ya onyo inaingia kwenye faili lako, ukiwa nazo kadhaa unajua safari ya kwenda nyumbani imeiva. Onyo lina mkosaji tayari, mtu kashafanya kitu. Heads-up haina mkosaji, hakuna aliyefanya kosa bado, na ndo maana Mmarekani anaipenda, anaweza kumpa hata bosi wake bila bosi kujisikia amekaripiwa. Jaribu wewe kumpa bosi wako onyo.

Kuna mzee mmoja dereva, dereva wa zamani sana, Land Cruiser anaiendesha toka nyingine hazijawa na friji, siku moja kakaa pembeni yangu ofisini anasubiri mafuta, nasoma imeili kwa sauti, "just a heads-up", akageuka, "Hansapu? Tumefanyaje tena?" Ofisi nzima ilicheka mpaka mhasibu akatoka chumbani kwake. Ila mzee alikuwa na hoja, ukiisikia haraka ni hansapu kabisa, mikono juu, na zote mbili zinaamrisha kiungo cha mwili kiende juu, tofauti moja inakutaka usimame na nyingine inakutaka ujiandae.

Nikamwambia mzee shikamoo kwanza, afu nikaahidi kumtafutia hiyo kitu imetoka wapi, maana na mimi ilikuwa inanikera. Mwaka huo huo tukapata mgeni mstaafu wa Chicago, mtu wa beseboli damu damu, nimempokea KIA mwenyewe kwa sababu dereva alikuwa amechelewa Tarangire, na njiani kuja mjini nikamuuliza. Alifurahi mzee yule utadhani nimemuuliza habari za wajukuu. Alianza kunielezea hapo Usa River mpaka tunaingia Arusha hajamaliza.

Ni kelele ya uwanjani na ya kwenye ujenzi. Kitu kinaruka au kinadondoka, aliyekiona anapiga kelele "heads up!", nyanyueni vichwa, tazameni, kuna kitu kinakuja. Ni vichwa vingi kwa sababu unawapigia watu wengi kwa pamoja, humjui nani kitamuangukia. Kwenye beseboli mpira ukipigwa vibaya hauendi mbele, unakata pembeni au nyuma unaingia kwa watazamaji, na ule mpira ni mgumu, sio wa kudunda, unaweza kutoka kwenye gongo kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mtu kakaa anakula soseji yake anaangalia simu. Aliyeona anapiga kelele, wote vichwa juu. Watu wameumia vibaya sana kwa mipira hiyo, mpaka viwanja vya timu zote 30 za ligi yao kuu vikarefusha nyavu za kukinga watazamaji kuanzia msimu wa 2020, kwa hiyo hata hiyo kelele siku hizi inasaidiwa na wavu.

Kumbe pia kabla haijawa kitu cha kupeana ilikuwa sifa ya mtu. Toka mwanzoni mwa karne ya 20 huko magazeti ya michezo ya kwao yalikuwa yanaandika mchezaji fulani ni heads-up, amecheza mchezo wa heads-up, yaani kichwa chake kiko juu, anaona, hasinzii uwanjani, wenzake wanabishana na refa yeye kashaiba besi, yaani kashakimbilia kituo kinachofuata. Sisi tungesema mchezaji yuko chonjo. Kutoka hapo ndo baadaye sana, kama miaka ya 70 na 80 hivi, ikaingia maofisini na kugeuka jina la kitu, unampa mtu heads-up, unapokea heads-up, unashukuru kwa heads-up. Na hapo sarufi yao ikawafia mkononi maana vichwa ni vingi lakini heads-up ni moja, na zikiwa nyingi wanaongeza s nyingine mwishoni. Sisi wa ngeli tukiwaona hivyo tunanyamaza tu.

Kuna kitu kinaitwa head-up display watu wanakichanganya na hii. Ile ni teknolojia ya ndege za kivita, namba za kasi na mwinuko zinaonekana kwenye kioo mbele ya macho ya rubani ili asiinamishe kichwa kuangalia dashibodi. Baadhi ya hizi Prius za mtumba kutoka Japani zinazo, usiku unaona kasi inaelea kwenye kioo cha mbele, na fundi wa Sakina anakwambia hiyo ndo hedsapu. Kichwa kweli kiko juu ila hakuna anayekutahadharisha na chochote, ni kipimo tu kimehamishwa.

Sasa yule mstaafu wa Chicago aliposema nyanyueni vichwa mimi akili ikaenda mlimani moja kwa moja, maana mlimani ni kinyume. Jiwe likichomoka juu yako, kunyanyua uso uliangalie ndo njia ya kulipokea usoni. Waongozaji wetu wanawafundisha wageni, ukisikia "jiwe!" au "rock!" jibane ukutani, kinga kichwa, begi lako lipande juu ya shingo. Njia ya Western Breach ndo inajulikana kwa hilo, Januari 2006 mawe yaliporomoka pale juu ya Arrow Glacier yakaua Wamarekani watatu, njia ikafungwa kwa muda, na mpaka leo anayepita huko anavaa helmeti na anaondoka usiku wakati barafu bado imeshika mawe. Nikamuuliza muongozaji wetu mkuu, mtu wa Marangu, wageni wakiangusha kitu wanasemaje, akasema Wamarekani wote wanapiga hiyo hiyo heads up, chupa ya maji ikiteleza Barranco Wall unasikia heads up! na wageni wote wa chini wanaangalia juu, midomo wazi, "afu sisi tunaanza kuwainamisha mmoja mmoja."

Wagumu wenyewe, wale wabebaji, wakitaka kupita na mizigo wao hawana habari na vichwa vyako, wanataka miguu yako isogee. Na hii ndo ilinifanya nikumbuke bibi yangu wa Unguja. Zamani pwani mtu mwenye mzigo, hamali, mwenye gari la ng'ombe, mwenye gunia la karafuu begani, akipita vichochoroni alikuwa anapiga "simile! simile!" na watu wanabana ukutani mwa Mji Mkongwe apite. Na lingine, "habedari!", angalia, jihadhari. Bibi alikuwa anatupigia simile hata akipita na chai sebuleni. Siku hizi Darajani utasikia zaidi "mzigo! mzigo!" au "njia, njia jamani", Kariakoo wenye mikokoteni ndo usiseme, na kuna wajanja wanapiga "maji ya moto!" na mkononi hawana hata birika, ila watu wanaruka. Kwahiyo sisi kelele za namna hiyo tunazo toka enzi, tofauti ni kwamba simile haikuhama uwanjani kuja ofisini, haijawahi kutokea mtu akaandika imeili "nakupa simile ya kikao cha Jumatatu". Ingekuwa raha sana lakini.

Basi nikawa nahitaji neno la kazi, la kutumia kila siku kwenye grupu, na nikayapima yaliyopo moja moja.

Kwa taarifa yako, hili lilikufa kabla halijazaliwa. Kwenye karatasi linafanana kabisa, nakupa taarifa, ni yako, lakini mtu yeyote aliyekulia uswahilini anajua "kwa taarifa yako" inakuja mkono ukiwa kiunoni, baada yake kuna "mimi sio size yako".

Angalizo ni zuri, limekaa kiofisi, na nalitumia nikiandika kitu cha kubandika ukutani. Ila ukimpelekea mtu mmoja inakuwa kama unamkunjia uso. Tahadhari ni ya mamlaka ya hali ya hewa na upepo mkali, na ya hospitali.

Kumtonya mtu, hapo sasa. Nikutonye kitu. Kutonya ndani yake kuna urafiki, mtu anakutonya kwa sababu yuko upande wako, kajua kitu kabla yako na hataki kikukute. Na kushtua, nakushtua mapema, hii hata wenzetu wa ofisi ya Nairobi wanaitumia, nikiwaandikia "nawashtua, msafara wa kwenda Namanga utachelewa" wanaelewa bila mkalimani. Kwenye grupu la vijana wa mlima nikaweka kutonya, kwa madereva wa rika langu kushtua. Yule mzee wa hansapu simtonyi, simshtui, mtu wa umri wa baba yako unamshtuaje? Yeye namwandikia "Mzee shikamoo, naomba nikudokeze jambo la safari ya kesho", na anajibu "Marahaba mwanangu, dokeza." Imeili ni moja, wakala ni mmoja, ila inatoka kwangu na majina matatu, na hiyo sio mapambo, ukikosea jina mtu anasoma sauti badala ya kusoma kilichoandikwa.

Na kila dokezo lazima liwe na kitenzi cha kufanya. Hapa nirudi kwenye yule kijana wa karanga maana ndo pale mfumo wote ulipimwa.

Kama hujawahi kupanda mlima, jua kwamba kambini saa kumi jioni wageni wakifika wamechoka wanapewa chai, na pamoja na chai kuna bisi na karanga. Ni desturi, kampuni karibu zote. Afu mpishi wetu mmoja anasifika kwa mchicha wa karanga, wageni wanamuomba mpaka recipe. Kwa hiyo kuandika "mgeni mmoja hali karanga" haitoshi kabisa, mpishi atamtengea sahani yake pembeni na wengine wataendelea, na kijiko ni kile kile. Niliandika hivi, nakumbuka: "Nawatonya kundi la Lemosho: kijana ana mzio wa karanga, akigusa kidogo koo linavimba na anaweza kufa. Karanga ZISIPANDE mlima huu. Za wageni, za jikoni, za mfukoni kwa wagumu, zote zibaki geti. Mafuta ya kukaangia alizeti tu. Kijana ana sindano yake ya dharura, muongozaji mkuu aijue iko mfuko gani wa begi kabla ya kuondoka hotelini." Afu nikampigia mpishi simu nikamwambia anirudishie kwa mdomo wake alichoelewa. Akarudisha vizuri, neno kwa neno, kisha akanyamaza kidogo akauliza, "Sasa dada, na kambi ya Karanga tunairuka?"

Maana kweli, ukitoka Barranco unalala Karanga, ndo jina la bonde lile, kambi iko pale pale njiani kwenda kambi ya Barafu. Nikacheka mpaka machozi. Ila nikashukuru aliuliza, kwa sababu yule kijana akiona kibao KARANGA CAMP na kwenye simu yake akatafsiri, presha itampanda bure. Muongozaji akamweleza mapema siku ya kwanza, yaani kijana mwenyewe naye akapewa heads-up yake. Alirudi mzima, na picha ya kibao anayo, kavaa miwani ya jua kaonyesha kidole.

Getini palikuwa na mshikemshike kidogo wakati wa kupima mizigo, maana mgumu haruhusiwi kuzidisha kilo 20 na wanapima kweli, sasa vijana wakaanza kutoa vifuko vyao vya karanga mifukoni wanakulia pale pale ili visipotee bure. Mpishi akawaosha mikono wote kwa sabuni, mmoja mmoja, anasimamia.

Kuna aina nyingine ya heads-up ambayo huwa inanitafuna zaidi. Hii inakuja kwa upole kuliko zote. Just a heads-up, kuanzia msimu ujao tutakuwa tunalipa siku 45 baada ya safari badala ya kabla. Umeona? Hiyo sio kukutonya, hayo ni maamuzi yameshafanywa na mtu kashayatia sahihi, wamevalisha tu nguo ya uwanjani. Mpira haujaja, umeshakupiga. Nilichukua muda kuizoea kwa sababu neno lenyewe limeshakufanya ushukuru, jibu lake la kawaida ni "thanks for the heads-up", vidole vinaandika vyenyewe. Sasa hivi hiyo najibu kwa mistari miwili, wa kwanza asante, wa pili swali: hili bado linajadiliwa au limeshapita? Hapo mtu lazima aseme. Mara nyingine anasema limepita na tunaanza kuvutana vizuri kama watu wazima, na mara moja moja anasema bado, na pale unakuta kumbe walikuwa wanapima kina cha maji.

Nilipozoea kupokea nikaanza kutoa za kwetu, maana Tanzania nayo ina mipira yake inayoruka na mgeni wa Ohio hawezi kuiona. Mifuko ya plastiki, toka Juni 1, 2019 haiingii nchini, zile ndogo za zipu za kuwekea mswaki na sabuni wanaruhusiwa, basi hiyo wakala anatakiwa ajue kabla mgeni hajapaki. Mmarekani viza yake ni dola 100 wakati wenzake wengi wanalipa 50, asiposhtuliwa mapema analianzisha uwanja wa ndege. Vindege vya kwenda Serengeti ni kilo 15 na begi liwe laini lisilo na fremu, na hii hata uandike mara ngapi kuna mtu atakuja na sanduku la magurudumu lenye ukubwa wa friji. Kubwa kuliko zote ilikuwa bima ya Zanzibar, ilipotangazwa kwamba kuanzia Oktoba 1, 2024 kila mgeni anayeingia visiwani lazima awe na bima ya dola 44 hata kama ana bima yake ya safari kutoka kwao. Pale nilikuwa na wageni ambao walishalipa kila kitu miezi nyuma na wakala hana hata fununu.

Ile ya bima niliiandika hivi: kwenye kichwa cha imeili nikaweka neno lao lile lile, heads-up, maana wakiliona wanafungua, na pembeni tarehe na kiasi. Ndani mistari minne. Nini kinakuja, lini, nani anahusika kwa majina ya wageni, na wafanye nini, walipe wapi. Sikuweka pole nyingi, sikueleza historia ya utalii visiwani. Sisi tuna hii tabia ya kuzunguka, habari za huko, natumaini mu wazima, tunapenda kuchukua fursa hii, mpaka msomaji anafika kwenye jambo keshachoka. Salamu naipenda, na kwenye simu siwezi kuanza bila salamu, ila anayemuona mtu yuko njiani pa mpira hamuulizi watoto hawajambo. Mawakala wote walijibu siku hiyo hiyo isipokuwa mmoja ambaye alisema nilipie tu nimuongezee kwenye bili, sawa, na hilo nalo ni jibu.

Kitu cha mwisho kilichotuchosha ni saa. New York iko nyuma yetu saa nane, wakati wa majira yao ya joto saa saba, California ndo usiseme. Wakala anafunga ofisi Ijumaa saa kumi na moja jioni, kabla hajavaa koti anakumbuka kitu, anaandika just a heads-up, anaenda zake wikendi. Huku kwetu ni saa saba usiku kuamkia Jumamosi. Kundi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sasa heads-up ya namna hiyo mimi nasema ni taarifa ya msiba, imefika baada ya mpira. Neno hili thamani yake yote iko kwenye muda, ikichelewa haibaki kuwa heads-up mbaya, inakuwa kitu kingine kabisa, na ndo tofauti yake na onyo, onyo linaweza kuchelewa likabaki onyo.

Nikakaa na bosi tukaandikia mawakala wote, kwa heshima, kwamba kitu chochote cha ndani ya masaa 48 kabla ya mgeni kufika kisije kwa imeili na kisiitwe heads-up, kipigwe simu, namba ni hii, kuna mtu anaipokea usiku kucha, na huyo mtu tunapokezana na analipwa posho. Cha zaidi ya masaa 48 waandike wanavyopenda, na matabasamu yao yote. Wamelishika vizuri kuliko nilivyotegemea, wengine wakasema hata wao liliwasaidia kujua kipi ni kipi.

Mmoja tu ndo bado. Wiki iliyopita katuma, just a heads-up, mgeni wake kaongeza mke na mtoto, watatua KIA kesho mchana. Nikampigia kumuuliza hao watu wako wapi sasa hivi, akasema wako Doha, wanapanda.